Kazi Inaisha, Sahani Inabaki: Hesabu ya Uzito katika Ukanda wa Dhahabu

Ukitaka kuona watu wanaofanya kazi ya nguvu, nenda Nyarugusu au Rwamagasa mkoani Geita, au Mwakitolyo mkoani Shinyanga. Vijana wanazama duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, na moko na nyundo, wenzao juu wanavuta viroba vya mawe, akina mama wanagonga mawe juani kabla hayajapelekwa kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Ukitoka machimboni unakutana na majaruba ya mpunga na mashamba ya pamba yanayolimwa kwa jembe la mkono au la ng'ombe. Kwa hesabu ya haraka, ukanda huu usingekuwa na habari ya vitambi. Lakini kaa jioni moja nje ya baa yoyote ya Kahama au Geita mjini uangalie wanaoingia.

Takwimu za nchi nzima zinaeleza mwelekeo huohuo. Utafiti wa taifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Utafiti wa 2015-16 ulikuta wamefika asilimia 28, na pengo kati ya mji na kijiji lilikuwa kubwa: 42 mjini, 21 vijijini. Miji ya dhahabu inakua haraka, na wengi wa wakazi wake wametoka kijijini ndani ya maisha yao wenyewe.

Ushauri unaotolewa kwa anayetaka kupungua ni mfupi: kula kalori chache kuliko unazotumia. Ushauri huo ni sahihi. Tatizo lake ni kwamba hauelezi kwa nini kalori zinazidi, upande upi wa mizani ni rahisi kuusogeza, na mwili hufanya nini unaposogezwa. Hoja yangu ni kwamba katika ukanda huu uzito unaamuliwa zaidi na sahani kuliko na kazi, na kwamba wengi hunenepa pale kazi inapobadilika huku sahani ikibaki ileile ya duarani.

Hesabu yenyewe

Kalori tunayoizungumzia kwenye chakula kitaalamu ni kilokalori. Vipimo vilivyojengwa na Mmarekani Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19 ndivyo vinavyotumika mpaka leo: gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, protini 4, mafuta 9 na pombe 7. Hakuna mwili uliowahi kukwepa hesabu hii. Kinachoingia kikizidi kinachotumika, ziada huhifadhiwa, na sehemu kubwa huhifadhiwa kama mafuta. Kikipungua, akiba huliwa.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori zipatazo 7,700. Haifiki 9,000 kwa sababu ndani ya tishu ya mafuta mna maji na vitu vingine pia. Kutokana na tarakimu hiyo ilizaliwa kanuni inayorudiwa kila mahali: punguza kalori 500 kwa siku, utapungua nusu kilo kwa wiki. Kwa wiki chache za mwanzo kanuni hiyo husaidia kukadiria. Ukiifuata kwa miaka inakwenda kombo, maana ingebidi mtu aendelee kupungua mpaka aishe.

Mwaka 2011 mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet hesabu iliyo karibu zaidi na uhalisia. Kwa mtu mzima mwenye uzito uliozidi, kila kalori 24 anazopunguza kwa siku, na kuendelea hivyo, zitamshusha kilo moja hatimaye. Nusu ya upungufu huo hupatikana katika mwaka wa kwanza, na karibu wote ndani ya miaka mitatu. Chukua chupa moja ya soda ya mililita 350, ambayo ina kalori kama 150. Anayeinywa kila siku akiiacha na asiifidie kwa kitu kingine, atapungua kilo 3 hivi kwa mwaka na kutulia kwenye kilo 6. Kanuni ya zamani ingemwahidi kilo 7 kila mwaka, bila kikomo. Wengi hukata tamaa kwa sababu ya ahadi ya namna hiyo.

Sasa mchukue kijana wa kilo 60 anayechimba. Mwili wake ukiwa umelala tu unatumia kalori kama 1,580 kwa siku. Kwa viwango vya FAO na WHO, mtu wa kazi nzito huzidishiwa kiasi hicho kwa 2 hadi 2.4, na anayeshinda amekaa kwa 1.4 hadi 1.7. Kwa kipimo cha 2.2, kijana wetu anahitaji karibu 3,480. Mungu akamjalia, duara likatoa, akanunua bodaboda au akafungua duka la vipuri, mahitaji yake yanashuka hadi 2,400 au pungufu. Hamu ya kula hushuka pia, ila mara nyingi haishuki yote. Hata ikibaki ziada ya kalori 220 tu kwa siku, kwa kipimo cha Hall hizo ni kilo 9 ndani ya miaka michache. Hakuongeza chochote mezani. Alichofanya ni kutopunguza sahani kwa kiasi kile kazi ilivyopungua.

Upande wa kazi

Jibu linalokuja haraka ni kwamba basi arudi kwenye jasho. Hapa ushahidi mzito umetoka jirani kabisa. Bonde la Ziwa Eyasi linagusa Meatu, wilaya iliyokuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga mpaka mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Huko wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanawinda, wanachimba mizizi na kutafuta asali. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe 30, waliopewa maji maalumu yanayowezesha kupima nishati yote mtu anayotumia akiendelea na maisha yake ya kila siku. Wanaume walikuwa wakitembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Ilitarajiwa kwamba watumie nishati nyingi kuliko Wamarekani na Wazungu wanaoshinda ofisini. Haikuwa hivyo. Wanaume walitumia wastani wa kalori 2,649 na wanawake 1,877, na baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, tofauti kati yao na watu wa mijini ilipotea.

Pontzer alihitimisha kwamba mwili una kiwango unachojaribu kukishikilia. Ukiulazimisha kutumia nguvu nyingi kwa misuli kila siku, hubana kwingine, kwenye shughuli za ndani ambazo mtu hazioni. Si wataalamu wote wanaokwenda naye mpaka mwisho. Uchambuzi wa watu wazima 1,754 uliotolewa mwaka 2021 ulikuta kwamba, kwa wastani, asilimia 28 hivi ya kalori za mazoezi hufidiwa na mwili. Maana yake ni kwamba ukichoma 100, zinazohesabika ni kama 72. Kwa kipimo hicho, jasho lina thamani, ila thamani yake ni pungufu ya ile mtu anayojiandikia.

Kuna ushahidi wa Kitanzania unaoonekana kwenda kinyume. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 uliwafuata watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Ndani ya miezi 12 waliongezeka zaidi ya kilo 2 kwa wastani, na idadi ya waliokuwa wakifanya kazi za kutoka jasho ilianguka. Mtu anaweza kusema: umeona, ni jembe walilolitupa. Lakini mhamiaji haachi jembe peke yake. Anaacha pia ghala la familia, saa za kula za kijijini na mboga ya kuchuma, akakutana na chakula cha kununua kila kona. Mwaka 2025 timu iliyomjumuisha Pontzer ilitoa matokeo ya watu zaidi ya 4,200 kutoka jamii 34, wawindaji, wafugaji, wakulima na watu wa viwandani. Kupungua kwa matumizi ya nishati kulieleza sehemu ndogo tu ya unene wa jamii tajiri. Sehemu kubwa waliielekeza kwenye chakula.

Mtu wa kawaida anaweza kulipima jambo hili mwenyewe. Mwenye kilo 70 akitembea kilomita moja anatumia kalori zipatazo 50. Andazi moja la gramu 60 lina kama 200. Andazi hilo linaliwa kwa dakika mbili. Kulilipa kunahitaji angalau kilomita nne. Mji wa Shinyanga ulijulikana kwa baiskeli kiasi kwamba kumpakia abiria kwenye keria ilikuwa kazi ya mjini, na waendeshaji wake waliitwa daladala. Leo bodaboda imechukua nafasi hiyo. Aliyekuwa akikanyaga pedali nusu saa kwenda kazini na nusu saa kurudi amepoteza kitu cha maana kwa moyo wake, kwa sukari ya damu na kwa usingizi wake. Kwa upande wa uzito amepoteza pia, ila kiasi hicho kinaweza kurudishwa na chapati moja na chai ya sukari.

Upande wa sahani

Angalia mama ntilie karibu na maduara anavyopika mchana. Maji ya ugali yako jikoni kwenye sufuria kubwa, dagaa wa Ziwa Viktoria wameoshwa, nyanya na vitunguu vimekatwa. Mafuta yanatoka kwenye dumu moja kwa moja, bila kijiko wala kikombe cha kupimia, mpaka chini ya kikaango pametapakaa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120. Mteja anayepata sehemu ya vijiko viwili amepata 240 kabla hajagusa dagaa wenyewe. Ugali wake umetokana na unga wa gramu 250 hivi, sawa na kalori 900. Ongeza dagaa na upawa wa maharage, sahani inagota karibu na 1,500. Teremsha na soda, ni 1,650.

Kwa aliyezama tangu alfajiri, sahani hiyo ni halali yake na kesho ataihitaji tena. Mama ntilie anajua wateja wake; akipunguza ugali watahamia kwa jirani. Lakini benchi lilelile linakaliwa na mwenye duara anayesimamia kwa simu, mnunuzi wa dhahabu mwenye mzani wake mdogo, na fundi wa karasha anayebonyeza swichi. Wote wanapewa kipimo kimoja kwa bei moja.

Kwenye migodi mikubwa sura ni nyingine, hesabu ni ileile. Mgodi wa Geita wa AngloGold Ashanti ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Dereva wa lori kubwa la mgodini hasukumi jiwe, anashika usukani zamu nzima. Zamu za usiku zinaleta shida ya pili, nayo ni usingizi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 lilichukua watu 80 wenye uzito uliozidi waliokuwa wakilala pungufu ya saa sita na nusu. Waliosaidiwa kuongeza usingizi walipunguza ulaji kwa kalori kama 270 kwa siku bila kuambiwa wale kidogo. Mtu aliyechoka na kukosa usingizi hutafuta sukari na mafuta, na kumwambia ajitawale ni kumwonea.

Jioni ndiyo hatari yenyewe. Chipsi mayai ya sahani moja, kwa chipsi za gramu 250, mayai mawili na mafuta ya kukaangia, inakaribia kalori 1,000. Bia ya nusu lita ina kama 200, na pombe haishibishi kulingana na kalori inazobeba. Bia tatu na sahani hiyo ni 1,600, nazo zimekuja juu ya chakula cha mchana kilichokuwa kimeshatosha.

Je, kurudi kwenye chakula cha asili kunatatua? Kwa sehemu. Mlenda, nsansa, choroko, kunde na maziwa mgando hushibisha kwa kalori chache, kwa sababu ya maji, nyuzinyuzi na protini. Lakini asili haina kinga ya hesabu. Gramu 100 za karanga ni kalori zaidi ya 560. Unga wa udaga, yaani wa muhogo, hauko mbali na sembe. Michembe ni viazi vilivyoondolewa maji, hivyo kiganja chake kina nguvu kuliko kiganja cha viazi vibichi. Faida ya vyakula hivi iko katika jinsi vinavyoliwa: vinatafunwa taratibu na tumbo linajua kwamba vimeingia. Mwaka 2019 Hall aliwaweka watu 20 ndani ya hospitali ya utafiti nchini Marekani kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vya viwandani, wiki mbili vyakula visivyosindikwa sana, na wakaachiwa wale watakavyo. Kwenye vyakula vya viwandani walikula kalori 500 hivi zaidi kwa siku na kuongezeka kilo 0.9, kwenye vile vingine walipungua kiasi hichohicho. Biskuti, soda na vinywaji vya kuongeza nguvu vilivyopangwa kwenye kila kibanda cha machimboni ni sehemu ya hesabu hii.

Anayetaka kukadiria chakula chake hana haja ya kutegemea majedwali ya Ulaya. Mwaka 2008 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na vyuo vikuu vya Muhimbili na Harvard, walitoa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania. Afisa lishe wa halmashauri anaweza kuyatumia kumsaidia mtu kusoma sahani yake.

Mwili unavyojitetea

Tuseme mtu ameelewa, amepunguza, na mzani umeshuka. Kilo mbili za wiki ya kwanza zisimdanganye. Sehemu kubwa ni maji yanayotoka pamoja na akiba ya wanga kwenye ini na misuli. Vivyo hivyo anayepanda kutoka duarani akiwa amepungua kilo moja amepoteza jasho, na litarudi kwa maji ya kunywa. Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa stendi zinafanya mchezo huohuo: zinaharisha au zinakojoza, mafuta yanabaki palepale.

Baada ya hapo mwili huanza kubana. Hufanya kama kaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, mwezi wa Februari, ghala linapoelekea chini na mvua bado haijalipa: milo inapunguzwa, safari zinaahirishwa, kila mtu anafikiria chakula. Mwaka 1944 hadi 1945 mtafiti wa Kimarekani Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 huko Minnesota kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito, matumizi ya nishati yakashuka, na mawazo yao yakatawaliwa na chakula. Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani walipimwa miaka sita baada ya shindano. Wengi walikuwa wamerudisha kilo nyingi, na bado miili yao ilitumia kalori kama 500 pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito wao.

Kwa hiyo anayerudisha uzito si lazima awe mvivu. Mwili wake mdogo unahitaji chakula kidogo kuliko zamani, unabana juu ya hapo, na njaa imeongezeka. Hapa ndipo kazi na mazoezi yanapodai heshima yake. Ingawa kutembea na kuendesha baiskeli hakushushi uzito haraka, kunasaidia kushikilia uzito uliokwisha kushuka na kulinda misuli isiliwe pamoja na mafuta. Protini ya dagaa, maharage na mayai husaidia kazi hiyohiyo.

Kukonda kusikotafutwa

Ukanda huu una sababu ya kuogopa kukonda. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, mkoa unaopakana na Geita, na kizazi kilichoona ndugu zao wakipukutika bado kiko hai. Hivyo anayepungua kwa hiari hukutana na maswali barabarani: unaumwa? umefiwa? Wengine huamua kurudisha kilo ili wanyamazishe minong'ono.

Hofu hiyo si ya kudharau, maana mizani inaweza kuelemea kwa sababu ya ugonjwa. Wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe wako kwenye hatari kubwa ya kifua kikuu, na kupungua uzito pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa na jasho la usiku ni dalili za kwenda kupima, hata kama tumbo limependeza. Kisukari kisichodhibitiwa hutoa sukari kwenye mkojo. Kila gramu inayotoka ni kalori 4 zilizolika bila kutumika, na mtu hukonda huku akila. Mtu aliyepungua kilo kadhaa bila kubadilisha sahani wala kazi hajafanikiwa chochote bado. Anahitaji vipimo.

Kinachowezekana

Kwa mwenye uzito uliozidi, lengo la kuanzia ni asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 90 hiyo ni kati ya kilo 4.5 na 9, kiasi kinachotosha kushusha shinikizo la damu na sukari kwa wengi. Mahali pa kuanzia ni pale penye kalori nyingi na shibe kidogo: soda, bia, sukari ya chai na mafuta yasiyopimwa. Vijiko vitatu vya sukari kwenye kila kikombe, kwa vikombe vitatu vya chai, ni kalori kama 180 kwa siku. Mafuta yakipimwa kwa kijiko jikoni, familia nzima inanufaika bila kuandikiwa dayati. Ugali upungue theluthi moja na mboga iongezwe mara mbili. Anayetumia dawa za kisukari au shinikizo, mjamzito na anayenyonyesha wasianze bila kumwona mtaalamu.

Sehemu nyingine haiko mikononi mwa mtu mmoja mmoja. Migodi inayolisha wafanyakazi wake ina uwezo wa kutofautisha sahani ya anayechimba chini na ya anayeendesha mtambo, na kupanga zamu zinazoacha nafasi ya kulala. Mama ntilie akiuza nusu sahani kwa bei ya nusu, wateja wasiozama duarani watakuwa na la kuchagua. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa dhahabu zinaweza kuhakikisha kila zahanati ina mzani unaofanya kazi na utepe wa kupima kiuno, na barabara za miji yake zina pembezoni pa kupita mwenye baiskeli bila kugongwa.

Mizani ya kalori itabaki kuwa sheria kwa mchimbaji, dereva na mfanyabiashara vilevile. Kila mmoja wao anapaswa kuanza kwa kuuliza kazi yake ya leo inadai chakula kiasi gani, kisha apange sahani yake kwa jibu hilo. Wanaoanzia upande wa pili, kwa kula kama jana na kutegemea jasho lilipe, ndio wanaoshangaa mzani unapokataa kushuka.